Waya mgongoni, betri kiunoni: kitendawili cha umeme unaotibu maumivu sugu

Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 100 kutoka Ulaya, Kanada, Australia na Israeli. Wote walikuwa wamepasuliwa mgongo, wakapona jeraha, lakini mguu ukaendelea kuwaka na kuchoma. Nusu yao walipandikizwa kifaa cha umeme mgongoni juu ya matibabu yao ya kawaida. Waliobaki waliendelea na matibabu ya kawaida peke yake. Baada ya miezi sita, asilimia 48 ya waliowekewa kifaa walikuwa wamepungukiwa na maumivu ya mguu kwa nusu au zaidi. Katika kundi la pili, waliofika hapo walikuwa asilimia 9.

Mwaka 2022 madaktari wa hospitali ya St. Olavs, mjini Trondheim nchini Norwei, walitoa utafiti wao wa wagonjwa 50 wenye tatizo la namna hiyohiyo. Kila mmoja alipandikizwa kifaa, kisha kwa mwaka mzima kifaa kikawa kinawashwa kwa miezi mitatu na kuzimwa kwa miezi mitatu, mgonjwa bila kujua yuko kwenye zamu gani. Wagonjwa walipata nafuu kweli. Ila waliipata kifaa kikiwaka, na wakaipata karibu ileile kifaa kikiwa kimezimwa.

Tafiti zote mbili zilifanywa kwa uangalifu, zikapita kwa wahakiki wa majarida makubwa. Mtu aliyeambiwa na daktari wake kwamba kifaa hiki kinaweza kumsaidia akiingia mtandaoni atakutana na pande zote mbili, kila upande ukiwa na takwimu mkononi. Fundo hili linafunguka, lakini ni lazima kwanza tujue kifaa chenyewe kinafanya nini.

Maumivu ya aina gani?

Ukikanyaga msumari, neva za mguu zinapeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, yaani ule ugwe wa neva unaopita ndani ya pingili, na kutoka hapo hadi kwenye ubongo. Maumivu hayo yana kazi: yanakuambia toa mguu. Jeraha likipona, yanakwisha.

Kuna maumivu mengine ambayo chanzo chake ni neva zenyewe. Neva ilibanwa, ikakatwa, ikaharibiwa na kisukari, mkanda wa jeshi au upasuaji, na sasa inatuma taarifa za moto pasipo na moto. Wenye kisukari wanayajua: nyayo zinawaka usiku hadi mtu anaitoa miguu nje ya shuka. Waliokatwa mguu wanayajua pia, maana vidole ambavyo havipo vinaendelea kuuma. Maumivu yakidumu zaidi ya miezi mitatu madaktari huyaita sugu, na haya ya neva ndiyo sugu kuliko mengine. Paracetamol na diklofenaki hazifui dafu. Dawa zinazotumika zaidi ni amitriptilini, gabapentini, pregabalini na duloksetini, na wapo wengi ambao hata hizo hupunguza kidogo tu, au huwaacha na usingizi mzito na kizunguzungu.

Kifaa cha umeme kilikusudiwa kundi hili la pili. Lishike hilo, kwa sababu sehemu kubwa ya ubishi unaozunguka kifaa inatokana na kukitumia nje ya kundi hilo.

Kutoka kwa samaki hadi Cleveland

Wazo la kutuliza maumivu kwa umeme ni la zamani kuliko umeme wenyewe kuwa na jina. Scribonius Largus, tabibu wa Kirumi wa karne ya kwanza, aliandika kwamba mwenye jongo akanyage samaki hai aitwaye taa, yule wa jamii inayotoa umeme, katika mchanga wa ufukweni, mpaka mguu ufe ganzi. Mwenye kuumwa kichwa aliwekewa samaki huyohuyo kichwani.

Maelezo ya kisayansi yalikuja mwaka 1965, pale Ronald Melzack na Patrick Wall walipochapisha katika jarida la Science nadharia ya lango. Walisema ndani ya uti wa mgongo, mahali taarifa zinapoingilia, kuna chembe za neva zinazofanya kazi ya bawabu. Taarifa za maumivu hupita kwenye nyuzi nyembamba zilizo za polepole; taarifa za mguso na mtetemo hupita kwenye nyuzi nene zilizo za kasi. Nyuzi nene zikisisimka sana, bawabu hulifunga lango na maumivu hupunguziwa njia. Ndiyo maana mtoto aliyejigonga tunamsugua.

Basi, kama ni hivyo, kwa nini tusizisisimue nyuzi nene moja kwa moja? Haikupita miaka miwili swali hilo likajaribiwa. Mwaka 1967, mjini Cleveland, Marekani, daktari wa upasuaji Norman Shealy alimpandikiza mgonjwa wa saratani ya mapafu elektrodi, yaani kipande cha chuma kinachopitishia umeme mwilini, iliyotengenezwa kwa msaada wa Thomas Mortimer, aliyekuwa bado mwanafunzi wa uhandisi. Maumivu yakapungua. Mgonjwa alikuwa mahututi tayari na hakuishi muda mrefu, lakini mlango ulikuwa umefunguka, na kampuni zilizokuwa zinatengeneza betri za moyo, kama Medtronic ya Minneapolis, zilikuwa na ujuzi wote uliohitajika kuingia.

Nadharia ya lango ina kasoro moja ambayo wauzaji hawaipigii kelele. Ingekuwa sahihi kama ilivyoandikwa, umeme huu ungezuia maumivu yote, hata ya jino na ya mfupa uliovunjika. Hauyazuii. Unagusa zaidi maumivu ya neva zilizoharibika, na mpaka leo maelezo ya kwa nini iko hivyo yanabishaniwa.

Kinavyowekwa

Kifaa kina sehemu tatu. Ya kwanza ni waya mwembamba, mmoja au zaidi, wenye elektrodi kadhaa kwenye ncha. Ya pili ni kasha la betri na saketi. Ya tatu ni rimoti ya mgonjwa.

Waya huingizwa kwa sindano katikati ya pingili, daktari akitazama picha ya eksirei papo hapo, na hulazwa nje ya utando unaoufunika uti wa mgongo. Hauingii kule ndani inakofika sindano ya ganzi ya mama anayejifungua kwa upasuaji. Unaishia hatua moja kabla. Kwa maumivu ya kiuno na miguu, ncha ya waya hupandishwa hadi usawa wa pingili ya 8 au ya 9 ya kifua. Kwa maumivu ya mikono, huwekwa shingoni. Kasha hufukiwa chini ya ngozi, mara nyingi juu ya tako au ubavuni. Mtu aliyewahi kuona betri ya moyo, kama zile zinazowekwa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, ameona ndugu yake kifaa hiki, ila waya wa hapa unaelekea mgongoni badala ya moyoni.

Kabla ya kufukia chochote, kuna kipindi cha majaribio. Waya huwekwa, lakini betri hubaki nje, imefungwa kwenye mkanda kiunoni. Mgonjwa hurudi nyumbani kwa siku chache, mara nyingi zisizozidi kumi, akajaribu kutembea, kulala, kupanda ngazi. Maumivu yakipungua kwa nusu au zaidi, ndipo kifaa kamili hupandikizwa. Yasipopungua, waya hutolewa na mambo huishia hapo. Ni utaratibu mzuri unaompa mgonjwa nafasi ya kuonja kabla ya kununua, lakini una udhaifu tutakaouona punde.

Isichanganywe na ile mashine ya umeme ya fiziotherapia, inayobandikwa kwenye ngozi kwa vipande vya gundi. Ile nayo ilizaliwa na nadharia hiyohiyo, na hapo mwanzo ilitumika kupima nani angevumilia kupandikizwa. Lakini umeme wake unaishia juujuu, na mtu akimaliza anaibandua akaenda zake.

Msisimko

Kwa karibu miaka hamsini, vifaa hivi vilitoa mapigo ya umeme kati ya 30 na 100 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo mgonjwa anausikia umeme: mahali palipokuwa panauma panajaa msisimko, kama mguu uliokaliwa unapoanza kurudiwa na damu. Daktari aliutegemea msisimko huo. Mgonjwa akiwa macho kwenye kitanda cha upasuaji aliulizwa, "Unausikia wapi?" na waya ukasogezwa hadi msisimko ukafunika eneo lote la maumivu.

Sasa fikiria unataka kupima kama kifaa hicho kinafanya kazi. Tunajua kwamba mtu mwenye maumivu akipewa kidonge kisicho na dawa, akaamini ni dawa, mara nyingi hupata nafuu ya kweli. Hiyo ndiyo plasebo, na katika maumivu nguvu yake ni kubwa. Kwa hiyo dawa mpya ya maumivu hulinganishwa na kidonge bandia, mgonjwa asijue amepata kipi. Na upasuaji una plasebo yenye nguvu zaidi ya kidonge: umelazwa, umechomwa, umeshonwa, timu nzima imekuzunguka, na una mashine ya thamani ndani ya mwili wako.

Lakini utamfichaje mtu kwamba kifaa chake kimezimwa ikiwa kikiwashwa anakisikia kikimtekenya? Haiwezekani. Ndiyo maana utafiti wa 2007, pamoja na uzuri wake, ulilinganisha kifaa na matibabu ya kawaida, yaleyale ambayo wagonjwa hao walikuwa wameshayatumia bila mafanikio. Kundi moja lilipata kitu kipya na matumaini mapya; jingine likaambiwa liendelee na yaliyoshindikana. Ile asilimia 48 ni ya kweli. Ambacho haiwezi kutuambia ni sehemu gani ya nafuu ililetwa na umeme na sehemu gani ililetwa na mengine yote yaliyofuatana nao.

Kisha teknolojia ikabadilika. Mwaka 2010 Dirk De Ridder na wenzake walieleza namna ya kutuma mapigo kwa mafungu, matano matano ya haraka, mara 40 kwa sekunde. Wakati huohuo kampuni ya Nevro ilikuwa ikitengeneza kifaa cha mapigo 10,000 kwa sekunde, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2015. Namna zote mbili zina sifa moja kubwa, kwamba wagonjwa wengi hawasikii kitu. Kwa mgonjwa hilo ni raha, maana wapo ambao msisimko uliwakera, hasa walipojigeuza kitandani na umeme ukapanda ghafla. Kwa mtafiti lilikuwa jambo kubwa zaidi. Kwa mara ya kwanza aliweza kuzima kifaa kimyakimya, na kipimo cha plasebo kikawezekana kwa urahisi.

Norwei walitumia njia ya mafungu na wakafanya hivyo. Kabla ya kuingia kwenye utafiti, wagonjwa wote 50 walikuwa wamepita kipindi cha majaribio cha wiki mbili na kifaa chenye msisimko. Wote walifaulu. Huu ndio udhaifu nilioutaja: kipindi cha majaribio kinapima nafuu, hakipimi nafuu imetoka wapi, na siku za mwanzo ndipo matumaini yanapokuwa juu kabisa. Kipimo kikuu kilikuwa ugumu wa shughuli za kila siku, kwa alama za 0 hadi 100. Kifaa kikiwaka, ugumu ulishuka kwa alama 10.6. Kikizimwa, ulishuka kwa 9.3. Maumivu ya mguu na ya mgongo nayo hayakuonyesha tofauti ya maana.

Watetezi wa kifaa hawakukaa kimya, na baadhi ya hoja zao zina uzito. Walisema mpangilio wa mapigo uliotumika Norwei haukuwa sawa na ule wa kawaida wa njia hiyo. Walisema matokeo ya njia ya mafungu hayawezi kubebeshwa kasi nyingine zote. Ni kweli. Lakini mwaka 2023 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, walikusanya tafiti 13 zenye wagonjwa 699 wa maumivu ya kiuno na mgongo, wakasema ushahidi uliopo hauungi mkono kifaa hiki kwa maumivu hayo nje ya utafiti. Mimi naona mzigo wa kuthibitisha sasa uko kwa wauzaji, na jibu linalofaa ni utafiti mwingine wa plasebo, mkubwa zaidi. Kulalamikia ule wa Norwei peke yake hakutoshi.

Nani basi?

Si haki kuishia hapo, kwa sababu maumivu hayalingani. Taasisi ya NICE ya Uingereza, ambayo ni ngumu kutoa pesa za umma, ilikubali kifaa hiki tangu 2008 kwa maumivu ya neva yaliyodumu miezi sita au zaidi, yenye ukali wa angalau nusu ya kipimo, baada ya matibabu mengine kushindwa na majaribio kufaulu. Mguu unaowaka baada ya neva kuumia una ushahidi bora kuliko kiuno kinachouma bila neva iliyoharibika. Kwa maumivu ya kiungo kimoja yanayozuka baada ya jeraha dogo au kuvunjika, mkono ukavimba, ukabadilika rangi na usiguswe hata na shati, kuna aina ya kifaa kinacholenga fundo la neva pembeni ya uti wa mgongo. Katika utafiti wa 2017 kilikishinda kifaa cha kawaida.

Kwa Afrika Mashariki, kundi la kutazama ni la kisukari. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2021 uliwachukua watu 216 ambao miguu yao ilikuwa ikiwaka kwa kisukari na dawa zimeshindwa. Kwa mapigo 10,000, asilimia 79 walipata nafuu ya nusu au zaidi. Waliobaki na dawa, asilimia 5. Mwaka huohuo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha matumizi hayo. Ni tofauti kubwa mno, kubwa kuliko plasebo inavyoweza kueleza kwa urahisi. Hata hivyo msomaji aliyefika hapa ameshajua la kuuliza: walilinganishwa na nini? Na matibabu ya kawaida, siyo na kifaa kilichozimwa.

Gharama ya mwili na ya mfuko

Waya unaweza kuhama, na ukihama sentimita moja au mbili umeme unakwenda kwingine. Unaweza kukatika. Kidonda kinaweza kupata maambukizi, na hapo kwa kawaida kifaa chote hutolewa. Kwa mwenye kisukari hili si la kupuuza. Kasha lenyewe linaweza kuuma mtu akikaa. Katika ule utafiti wa 2007, uliokuwa mzuri kwa kifaa, asilimia 32 ya waliopandikizwa walipata tatizo lililohusiana nacho ndani ya mwaka. Mara chache sana, damu au usaha ukibana uti wa mgongo, mtu anaweza kupooza.

Mwezi Septemba 2020 FDA iliwaandikia madaktari kwamba kwa miaka minne ilikuwa imepokea taarifa 107,728 kuhusu vifaa hivi, zikiwemo 77,937 za madhara kwa wagonjwa na 497 za vifo. Taarifa haithibitishi kwamba kifaa ndicho kilichosababisha, na waliopandikizwa ni wengi sana. Lakini FDA iliona haja ya kuwakumbusha madaktari kufanya majaribio kwanza na kuwaeleza wagonjwa madhara waziwazi, jambo linalotoa picha ya yaliyokuwa yakifanyika.

Na kwa nini Marekani vifaa hivi vilienea kiasi hicho? Bei ni sehemu ya jibu: kupandikiza hugharimu makumi ya maelfu ya dola, na wanaofaidika ni wengi mbali na mgonjwa. Sehemu nyingine ni janga la dawa za jamii ya afyuni. Madaktari waliokuwa wameandika vidonge hivyo kwa mkono mwepesi walitafuta kitu kisicho kidonge, na kampuni zilikuwa tayari mlangoni. Kwetu historia ni nyingine kabisa. Uganda, kupitia Hospice Africa iliyoanzishwa na Anne Merriman mwaka 1993, ililazimika kupigania morfini ya maji, dawa ya jamii hiyohiyo ya afyuni, iwafikie wagonjwa wa saratani ambao hawakuwa na chochote.

Wanaokutana na kifaa hiki miongoni mwetu kwa sasa ni hasa ndugu walioko Ulaya, Ghuba na Marekani, na wale wanaokwenda kutibiwa India. Kwao kuna mambo ya kuuliza ambayo hayamo kwenye karatasi za matangazo. Kifaa hakiruhusu kila kipimo cha MRI. Kuna aina zinazokubali mashine fulani tu, kwa masharti, hivyo kadi ya kifaa haipaswi kukaa mbali na mwenye nacho. Mashine ya joto ya fiziotherapia inayotumia mawimbi ya umeme, diathermia, ni marufuku kabisa, maana waya hupata moto na kuunguza kilicho jirani, na mtaalamu wa fiziotherapia hawezi kujua kama hukumwambia. Betri isiyochajiwa hudumu miaka michache kisha upasuaji hurudiwa ili ibadilishwe. Ya kuchaji hukaa muongo mmoja hivi, kwa sharti la kuichaji kupitia ngozi kila siku au kila baada ya siku kadhaa.

Kisha kuna suala la fundi. Umeme wa kifaa huhitaji kurekebishwa tena na tena, hasa mwaka wa kwanza, na Marekani kazi hiyo mara nyingi hufanywa na mwakilishi wa kampuni aliyekuja kliniki na tableti yake. Aliyepandikizwa Chennai akarudi Mwanza, au aliyerudi Mombasa kutoka Minnesota kwa kustaafu, amuulize daktari kabla ya kusaini: nikifika nyumbani, nani ana tableti hiyo? Baadhi ya vifaa vya kuchaji vikiachwa vikaisha kabisa haviwaki tena kwa chaja ya mgonjwa, mpaka kliniki ya kampuni ivifufue.